Usiku 7 kwa meli ya kitalii na watoto wawili (miezi 10 na miaka 4): tuanzie wapi?

Mama Wawili:

Habari za humu wadau. Tunapanga safari ya usiku 7 kwa meli ya kitalii, baba, mama na watoto wawili. Mkubwa ana miaka 4, mdogo atakuwa ametimiza miezi 10 siku ya kupanda. Ratiba ina bandari nne na siku mbili za bahari tupu ambazo hazifuatani. Bado hatujalipa, kwa hiyo kama kuna cha kubadilisha ni sasa.

Ninayotaka kujua: kabini yenye roshani au ya ndani isiyo na dirisha? Mdogo bado yuko kwenye nepi, ataruhusiwa bwawani? Maziwa ya kopo na nepi tubebe zote, au melini vinapatikana? Na bahari ikichafuka tunawapa nini, maana mkubwa hutapika hata kwenye gari. Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii kwa undani. "Mtafurahi tu" nimeshaambiwa vya kutosha.

---

Tezi na Omo:

Mama Wawili, kabla ya kabini malizana na suala la umri. Kampuni nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi 6. Safari ikiwa ya kuvuka bahari kuu, au ina siku tatu mfululizo bila kugusa bandari, kima hicho hupanda hadi miezi 12, kwa sababu mtoto mchanga akizidiwa katikati ya bahari hakuna hospitali ya watoto na helikopta haifiki kila mahali. Umri unahesabiwa siku ya kung'oa nanga, si siku ya kulipa. Kwa ratiba uliyoieleza mdogo wako anapita.

Jingine linalowakwaza wengi: mtoto mchanga ni abiria kamili hata kama hali chochote cha meli. Anahesabiwa kwenye kabini na anahesabiwa kwenye boti ya uokoaji. Ndiyo maana unaweza kuona kabini ina vitanda vinne na mfumo ukakataa jina la nne. Vitanda vipo, ila nafasi za kituo cha kukusanyikia cha upande ule wa meli zimejaa. Andikisheni wote wanne siku ileile. Kuongeza mtoto baadaye ndipo watu wanapokwama.

Mahali pa kabini pana uzito kuliko aina yake, hasa kwa huyo anayetapika. Katikati ya meli na ghorofa za chini ndipo penye utulivu. Omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma) hupanda na kushuka, na kadiri unavyokwenda juu ndivyo unavyouhisi mrama. Kabini za omo zina kero nyingine: alfajiri meli ikiingia bandarini, mnyororo wa nanga na mitambo ya kusogeza meli kwa ubavu hutikisa kuta na kuamsha mtoto aliyelala saa moja iliyopita. Fungua ramani ya ghorofa ulinganishe kabini yako na kilicho juu yake. Kama ni bwawa, viti vitakokotwa kabla ya jua kuchomoza. Kama ni ukumbi wa muziki, mnajua wenyewe. Kabini iliyo juu na chini yake ina kabini nyingine ndiyo bora.

Kuhusu roshani, mimi nashauri ya ndani. Giza lake ni la kweli, mtoto analala mchana kama usiku, na hofu ya ukingo haipo kabisa. Kabini ya kawaida ni kama mita za mraba 14 hadi 17 hivi, kwa hiyo ombeni kitanda cha mtoto mapema (kwa kawaida hakilipiwi, lakini idadi ina mwisho) na mjue kikishafunguliwa, sakafu imekwisha.

---

Mwana Sitaha:

Mkuu Tezi na Omo, kwenye mahali pa kabini nakuunga mkono asilimia mia. Kwenye kabini ya ndani nakupinga.

Mtoto wa miezi 10 analala saa 1 au 2 usiku. Wazazi hawawezi kumwacha peke yake kabini, na kifaa cha kumsikilizia mtoto kwa mbali si suluhisho, kwa kuwa kuta za chuma huzuia mawasiliano na meli ikipata dharura lazima mtu mzima awe naye mkononi. Maana yake ni kwamba kila usiku watu wazima wawili watakaa gizani wakinong'onezana. Roshani ndiyo chumba cha pili. Mnafunga mlango wa kioo, mnakaa nje, mtoto mnamwona.

Usalama wake ni wa kutengeneza siku ya kwanza, kabla watoto hawajaizoea. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria inataka ukingo usiopungua inchi 42, yaani sentimita 107 hivi, kutoka sakafuni. Kwa mtoto wa miaka 4 anayesimama chini, ukingo huo unatosha. Hatari ni kiti. Kiti kina urefu wa sentimita 45 au karibu na hapo, akipanda juu yake ukingo unabaki kiunoni mwake. Basi mwambieni mhudumu wa kabini aondoe meza na viti vya roshani, au viingizwe ndani kila mnapokuwa hamvitumii. Kagueni komeo la mlango: nyingi huwa juu, mtoto hafikii, lakini zipo zenye mpini wa chini tu. Kama ni wa chini, ombeni kifaa cha kuufunga au mbadilishiwe kabini. Na mtoto asitoke roshani peke yake hata sekunde moja, hilo halina mjadala.

Sasa vitu vidogo vya ndani ya kabini ambavyo vipeperushi havionyeshi. Mlango wa bafu una kizingiti kilichoinuka ili maji yasitoke meli inapoyumba. Mtoto anayejifunza kusimama ataking'ang'ania, na anayekimbia ataanguka nacho. Kitandikeni taulo lililokunjwa siku ya kwanza. Mlango mkuu wa kabini ni mzito na hujifunga wenyewe, na ile ya kutokea sitahani upepo huibamiza kwa nguvu: vidole vya watoto hukatikia pale, upande wa bawaba. Mtu mzima ashike mlango, watoto wapite, kisha aachie.

Choo nacho. Kinafyonza kwa hewa, na mlio wake ni kishindo cha ghafla kinachotisha watoto. Mkubwa wako anaweza kugoma kukitumia safari nzima, akavimbiwa tumbo, na akipata ajali ya suruali klabu ya watoto itamrudisha. Mwonyesheni tangu mwanzo: anashuka, anafunika kifuniko, anarudi nyuma hatua mbili, halafu abonyeze mwenyewe. Akishakuwa yeye ndiye anayekipigisha kelele, hofu huisha. Vitambaa vya kufutia mtoto visitupwe humo kamwe, hata vile vilivyoandikwa kuwa vinayeyuka. Mabomba ni membamba na yanahudumia kabini kadhaa, kwa hiyo kikiziba chako na vya majirani vimeziba.

Bafu mara nyingi ni la manyunyu, halina beseni la kuogea. Beseni la plastiki la kujaza upepo, linalotosha sakafu ya bafu, litawafaa kuliko midoli yote mtakayobeba. Na kwa kuwa kuta za kabini ni za chuma, chukueni ndoano sita au nane za sumaku: zinabeba kofia, taulo, mifuko, na hata shuka la kukinga taa kwenye kitanda cha mdogo.

Vitanda vya juu vinavyokunjuliwa kutoka ukutani si vya mtoto wa chini ya miaka 6. Mkubwa alale kwenye kochi, mumwombee ukingo wa kitanda.

---

Siha Baharini:

Nichukue ya afya, maana hapa ndipo safari nyingi za watoto zinapoharibika.

Kulevywa na bahari: mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kusumbuka. Kuanzia miaka 2 hadi 12 ndio wenye shida, na anayetapika kwenye gari mhesabuni kuwa atatapika melini. Sikio la ndani linasema tunasogea, macho yaliyo kabini yanasema tumetulia, tumbo ndilo linalolipa. Dawa ya kawaida ni dimenhydrinate. Haipewi mtoto wa chini ya miaka 2 bila daktari. Kwa wa miaka 2 hadi 5, kipimo cha kawaida ni miligramu 12.5 hadi 25 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi miligramu 75 kwa siku nzima. Vidonge vya watu wazima ni miligramu 50, kwa hiyo tafuteni ya watoto badala ya kukatakata, na mthibitishiwe kipimo na daktari anayemjua mtoto. Makosa mawili hurudiwa sana. La kwanza ni kusubiri mpaka atapike. Tumbo likishavurugika dawa hainyonywi vizuri, kwa hiyo itolewe nusu saa hadi saa nzima kabla ya mawimbi. La pili ni kuijaribu kwa mara ya kwanza melini. Watoto wengi huwalaza, lakini wachache huwachangamsha kupita kiasi, na hilo mlijue mkiwa nyumbani. Kibandiko cha nyuma ya sikio ni cha watu wazima, mtoto asiwekewe. Bila dawa kinachosaidia ni hewa ya nje katikati ya meli, macho kwenye upeo, chakula kikavu kidogo kidogo, na hakuna kutazama simu.

Kuharisha na kutapika kwa virusi vya noro ndilo tatizo kubwa zaidi. Chembe chache tu zinatosha kuambukiza, na dalili hutokea saa 12 hadi 48 baadaye. Sanitaiza ya mlangoni mwa ukumbi wa chakula haiviui vizuri. Sabuni na maji, sekunde 20, kabla ya kila mlo na baada ya lifti na choo. Mdogo anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo mikono yake ioshwe kama ya mkubwa, na kiti cha juu cha kulia kifutwe kabla hajakalishwa. Chakula mkichotewe na mhudumu badala ya nyie kushika vijiko vya watu wote.

Akianza kutapika, msifute wenyewe kwa taulo. Pigeni simu, wana watu na dawa yenye klorini kwa kazi hiyo. Kuficha ugonjwa ili asizuiwe kabini ni kuwaambukiza watoto wa wenzenu. Bebeni pakiti zisizopungua sita za chumvi ya kunywa ya kuzuia kukaukiwa maji na chupa yenye alama ya ujazo unaotakiwa, kwa sababu kosa la kawaida ni kukisia maji: yakiwa machache chumvi inazidi na mtoto anaumia zaidi. Mpeni mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kila dakika mbili au tatu. Kikombe kizima kwa mkupuo atakirudisha. Mdogo akipitisha saa 6 bila mkojo kwenye nepi, akilia bila machozi, au utosi ukibonyea, nendeni zahanati ya meli usiku huohuo. Zahanati hiyo inalipiwa, daktari wake si lazima awe wa watoto, na kuhamishwa mgonjwa kutoka melini ni gharama ya kutisha. Bima itaje wazi matibabu na kuhamishwa kwa dharura.

Bwawa: nepi haziruhusiwi, hata zile maalumu za kuogelea. Nepi ya kuogelea huzuia kigumu tu, majimaji hupita, na ajali moja bwawa hufungwa kwa kila mtu. Baadhi ya meli zina eneo dogo la kunyunyiza maji kwa watoto wa nepi, lenye uchujaji wake. Ulizeni kuhusu meli yenu kwa jina lake, kwani hata ndani ya kampuni moja meli hutofautiana. Mlinzi wa bwawa huenda asiwepo. Mtu mzima awe ndani ya maji, umbali wa mkono, na viputo vya mikononi msivihesabu kama kinga.

---

Mama Wawili:

Mungu awabariki, nimeandika yote. Tumekubaliana roshani, katikati, ghorofa ya chini. Bado nina ya mizigo, karatasi, na klabu ya watoto. Mkubwa ameacha nepi mchana, usiku bado. Je, kwenye zile bandari tutaweza kushuka na kigari cha mtoto?

---

Karani wa Gati:

Dada, karatasi kwanza, maana zikikosekana hamvuki gati. Kila mtoto na pasipoti yake, na nchi nyingi zinataka iwe na uhai wa miezi 6 baada ya safari. Majina kwenye tiketi yafanane na ya pasipoti herufi kwa herufi. Mzazi mmoja akikosa kusafiri, aliyebaki nyumbani aandike barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili, na cheti cha kuzaliwa kiambatane. Viza huangusha wengi: meli inayoanzia Uhispania, ikapitia Moroko na kurudi Uhispania, inahitaji viza ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia zaidi ya mara moja. Ya mara moja imeisha mlipotoka. Hesabuni kuingia na kutoka kwa kila bandari.

Kama mnapopita panadai cheti cha homa ya manjano, mdogo yuko kwenye ukingo. Chanjo hutolewa kuanzia miezi 9, na cheti huanza kutumika siku ya 10 baada ya sindano. Mna kama wiki tatu tu za kujinafasi, kwa hiyo wekeni miadi sasa. Muulizeni daktari na ya surua siku hiyohiyo, kwa sababu mtoto msafiri anaweza kupewa dozi ya mapema kati ya miezi 6 na 11.

Mizigo: masanduku mnayakabidhi gatini na huenda yasifike kabini mpaka jioni. Mkoba wa mkononi uwe na nepi za saa 24, maziwa, dawa zote, nguo za kubadilisha za wote wanne, nguo za kuogelea na karatasi. Nepi msitegemee duka la meli. Hesabu 7 kwa siku, siku 8 ni 56, ongeza siku mbili za akiba, ni 70. Maziwa: akinywa mililita 650 kwa siku ni kama gramu 90 za unga, kwa hiyo gramu 900 zinatosha pamoja na akiba. Bebeni makopo mawili madogo badala ya moja kubwa, kila moja kwenye mkoba tofauti.

Birika la umeme haliruhusiwi, litabaki kwa walinzi hadi mwisho wa safari. Waya wa kuongezea soketi wenye kinga ya umeme nao vivyo hivyo. Chukueni chupa ya chai ya nusu lita, mjaziwe maji yaliyochemka ukumbini. Unga unatakiwa uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha yapoozwe. Friji ya kabini mara nyingi ni ya kupoza vinywaji tu, haina ubaridi wa kuhifadhi maziwa yaliyokwisha kuchanganywa. Tengeneza, anywe, kilichobaki mwaga.

Klabu ya watoto: kampuni nyingi huanza miaka 3 na hutaka mtoto awe ameacha nepi kabisa saa za klabu, kwa hiyo ya usiku haimzuii mkubwa. Carnival hupokea kuanzia miaka 2. Kwa wadogo kama wa kwenu, Disney ina chumba cha kulelea watoto wa miezi 6 hadi miaka 3 kinacholipiwa kwa saa, na nafasi zake huisha mapema. Mwandikisheni mkubwa mchana wa kupanda. Mwenye mzio wa chakula atajwe mara tatu: kwenye fomu ya tiketi, klabuni, na kwa mkuu wa wahudumu usiku wa kwanza.

Siku ya kupanda kuna zoezi la dharura. Baada ya ajali ya meli ya kitalii Costa Concordia mwaka 2012, ambapo baadhi ya waliopanda siku ileile walikuwa hawajalifanya, kanuni za kimataifa zinataka lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Watoto watapewa bangili yenye namba ya kituo chao, isivuliwe hadi mwisho. Jaketi okozi za kabini huwa za watu wazima. Ombeni ya mtoto na ya mchanga mchana huo, wavalisheni wote wawili, mkaze mikanda, mwone kama kidevu hakizami ndani. Ulizeni pia: dharura ikitokea mkubwa akiwa klabuni, nani anamleta na kwa mlango upi? Jibu hilo mkishalijua hamtapigana na umati kumfuata.

Kigari: milango ya kabini za kawaida huwa sentimita 56 hadi 60. Kile kinachojikunja kama mwavuli kinaingia, kile cha pacha hakiingii, na korido hairuhusu kukiacha nje. Kwenye bandari zisizo na gati lenye kina cha kutosha, meli hutia nanga mbali na abiria hushushwa kwa mashua. Hapo kigari hukunjwa na mtoto hubebwa. Mbeleko ni bora kuliko kigari kwa bandari hizo, mikono miwili inabaki huru kushika kamba ya mashua na mkono wa mkubwa. Tazameni ratiba ni bandari zipi kati ya nne ziko hivyo, na mwanzoni mwa asubuhi msipange foleni, subirini msongamano uishe.

Saa ya kurudi ni ya meli, na simu hujibadilisha yenyewe ikishika mtandao wa nchi kavu. Mmoja wenu avae saa ya mkononi isiyojibadilisha. Melini simu ziwe kwenye hali ya ndege, mtandao wa setilaiti hutoza bila kukuuliza.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango na kuchukuliwa mkiwa mmelala. Kabla hamjayafunga, toeni viatu vya watoto, nepi kumi, maziwa ya asubuhi na pasipoti.